Helmeti ya Abiria na Hesabu ya Fidia: Kosa la Barabarani Linapogeuzwa Sababu ya Jeraha

Hoja ninayoipinga ni fupi: abiria wa bodaboda aliyevunja Sheria ya Trafiki amejiletea madhara mwenyewe, basi fidia yake ikatwe. Mawakili wa bima nchini Kenya huiandika katika utetezi wao karibu kwa mazoea. Mdai hakuvaa helmeti. Pikipiki ilibeba watu watatu. Wapo pia wanaoitetea kwa jina la nidhamu barabarani. Kwamba lawama hugawanywa kulingana na kosa la kila upande, hakuna anayebisha: kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, kimelimaliza hilo. Tunachogombania ni kosa gani linaloingia katika hesabu hiyo.

Sheria ya Trafiki yenyewe ni ya tahadhari kuliko wanaoitaja. Kifungu cha 68 kinaruhusu ukiukaji wa kanuni za barabara utumike mahakamani kama jambo linaloelekea kuthibitisha au kukanusha dhima. Linaelekea tu, halihukumu. Bado mtu anapaswa kuonyesha kwamba kosa lile ndilo lililozaa ajali au lililoongeza jeraha.

Ushahidi bora wa hili naupata katika kesi mbili za Uingereza, ambazo misingi yake imo katika urithi wetu wa kisheria. Katika O'Connell v Jackson, iliyoamuliwa 1971, mwendesha pikipiki ndogo aliumia kichwa bila helmeti. Wakati huo sheria ya huko haikumlazimisha kuivaa, lakini fidia ilikatwa asilimia 15, kwa kuwa helmeti ingepunguza jeraha lile la kichwa. Katika Capps v Miller ya 1989, kutofunga ukanda wa helmeti kulikuwa kosa la jinai. Dereva mlevi alimgonga mdai kwa nyuma, helmeti ikachomoka kabla kichwa hakijafika barabarani. Kilichokatwa ni asilimia 10. Ni kweli kwamba huyu wa pili alikuwa ameivaa, hata kama vibaya, na hilo lilimsaidia. Lakini tazama mfuatano wake: pasipo kosa la jinai makato ni makubwa, penye kosa la jinai makato ni madogo. Anayedai kwamba uvunjaji wa sheria ndio unaopima makato hana namna ya kuzieleza kesi hizi mbili kwa pamoja.

Sasa tuchukue abiria aliyeketi kiupande nyuma ya bodaboda, pikapu ikatoka barabara ya pembeni bila kusimama, akavunjika mfupa wa paja. Hakuwa na helmeti. Paja halivai helmeti. Hata hivyo hoja ile ikikubaliwa, akipewa shilingi milioni 2 kisha akakatwa asilimia 20, amepoteza shilingi 400,000, ilhali Kanuni za Makosa Madogo ya Barabarani za 2016 zinalitoza kosa hilohilo shilingi 1,000. Adhabu iliyopangwa na sheria inazidishwa mara mia nne, na anayefaidika ni bima ya dereva wa pikapu. Hiyo nidhamu ya barabarani inamfundisha nani?

Zaidi ya hayo, sheria na kanuni za pikipiki haziachi jukumu la vifaa vya kinga mabegani mwa abiria peke yake; wenye pikipiki wanatakiwa kuwa na helmeti na koti la kuakisi mwanga kwa ajili yake. (Aliyewahi kunusa helmeti ya steji inayozunguka vichwani kutwa nzima anajua kwa nini hata ikiwepo hukataliwa. Hilo halimwondolei abiria wajibu, lakini mahakama isijifanye hailijui.)

Kuhusu kubeba watu kupita kiasi, nadhani Bunge lilishajibu. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, haimruhusu mwenye bima kumkwepa mtu wa tatu kwa kisingizio cha idadi ya watu waliobebwa. Amlipe kwanza, kisha amfuate mteja wake. Kilichozuiwa mlango wa mbele kisiingizwe kwa mlango wa nyuma, kikiitwa uzembe wa mdai.

Utata wa kweli uko kwa abiria wa tatu aliyepanda akiona wawili wamekwisha kukaa, halafu mwendeshaji akashindwa kuidhibiti pikipiki kwenye kona. Hapo uzito ni sehemu ya chanzo cha ajali, na kukata fidia ni haki. Wote watatu wakigongwa na lori kwa nyuma wakiwa wamesimama, sioni msingi wa makato.

Rufaa haitatuokoa kirahisi. Tangu Khambi v Mahithi ya 1968, mahakama ya juu haiugusi mgawanyo wa lawama uliofanywa chini ila kwa sababu nzito. Kwa hiyo swali liulizwe mapema, mbele ya hakimu, na aliyelileta alithibitishe, kama kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinavyotaka: daktari aitwe, aulizwe ni jeraha lipi kati ya haya ambalo helmeti ingelizuia. Wakili wa bima asipomwita, makato yawe sifuri.