Kafi la Mwili: Habari za Mikono katika Kuogelea

Wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, ninyi mwajua maji. Mto Ruvubu waingia katika Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na ziwa Burigi lina wavuvi wake. Wala hatujasahau tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, wakafa maji mamia ya watu. Kuogelea, basi, si mchezo wa watoto tu. Na leo twataka kueleza jinsi binadamu alivyojifunza kuitumia mikono yake majini.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtindo wa kurusha mkono mmoja baada ya mwingine ulibuniwa Ulaya. Sivyo. Jean Barbot, msafiri Mfaransa wa karne ya 17, aliwaona watu wa Elmina, katika nchi iitwayo sasa Ghana, wakiogelea hivyo, akawafananisha na wapiga kafi. Wazungu wa siku zile waliogelea kama chura, mikono miwili pamoja.

Mwaka 1844 wenyeji wawili wa Amerika ya Kaskazini walishindana London kwa kurusha mikono, wakaenda upesi mno. Waingereza walistaajabu, lakini waliona kuwa si adabu kurusha maji namna ile, wakarudia chura wao. Dharau hiyo iliwachelewesha karibu miaka 30, hata John Trudgen, aliyejifunza mtindo huo Amerika ya Kusini, alipowaonyesha mwaka 1873. Baadaye kijana Alick Wickham wa Visiwa vya Solomon aliwashangaza watu wa Sydney, na jamaa ya Cavill wakaueneza mtindo wake. Mwaka 1912 Duke Kahanamoku wa Hawaii alishinda mbio za mita 100 katika Olimpiki ya Stockholm. Na mwaka 1922 Johnny Weissmuller wa Marekani alikuwa wa kwanza kuumaliza mwendo huo kwa muda usiofika dakika moja.

Je, siri yake ni nini? Mwalimu James Counsilman wa Marekani alipiga picha chini ya maji, na mwaka 1968 akatoa kitabu juu ya elimu hiyo. Toka hapo walimu wamezidi kuchunguza, na jambo moja limethibitika: nguvu pasipo namna nzuri ni kazi bure. Vidole vitangulie kuingia majini, mbele ya bega. Kisha kiwiko kibaki juu, kiganja na kigasha vielekee chini, viwe kafi moja. Kiwiko kikishuka kwanza, kafi limelala, na maji yapita bure. Sukuma maji nyuma mpaka pajani, wala usiyakandamize chini, maana hayo hukuinua tu, hayakupeleki mbele. Mwili nao ujigeuze kidogo ubavuni, ili bega lipate nafasi nawe upate pumzi.

Mwenye kupiga mtumbwi kwa kafi amekwisha kuyafahamu haya. Imebaki kuyahamishia mkononi. Lakini asijifunze mtu peke yake, wala penye mkondo mkali, wala penye mamba. Ajifunze penye maji haba, pamoja na mjuzi, kabla ya siku ya hatari. Kwa maana siku hiyo ikifika, hakuna tena nafasi ya kufundishwa.