Misuli ya Miguu kwa Wazee Wenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa huyaharibu mapafu kwa miaka mingi, hasa kwa sababu ya tumbaku na, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, moshi wa kuni. Uharibifu huo hauponi. Hata hivyo, mzee anaposhindwa kumaliza kilima, mara nyingi sehemu ya sababu iko mapajani, na hiyo inatibika.

Njia za hewa zikibana, pumzi huchelewa kutoka. Mgonjwa akiharakisha mwendo, pumzi mpya huingia kabla ile ya kwanza haijaisha. Kifua hujaa hewa iliyonaswa, naye huhisi anakabwa. Hofu ya hali hiyo humfanya apunguze safari: kwanza sokoni, kisha msikitini au kanisani, mwishowe hata uani. Msuli usiotumika hunyauka. Umri na lishe duni huupunguza zaidi, na vidonge vya steroidi vikitumiwa kwa muda mrefu huudhoofisha. Msuli mkubwa wa mbele ya paja huathirika sana: nyuzi zake zinazostahimili kazi ndefu hupungua, zikabaki nyingi zinazochoka upesi. Msuli wa namna hiyo huzalisha asidi laktiki hata kwa kazi ndogo, na asidi hiyo huulazimisha mwili upumue zaidi. Mguu dhaifu huyatwisha mapafu mzigo wa ziada.

Mwaka 1991 mtafiti Richard Casaburi na wenzake walionyesha kwamba mazoezi makali ya baiskeli hupunguza asidi hiyo pamoja na kiasi cha hewa ambacho mgonjwa huhitaji kwa kazi ileile. Mapafu hubaki yaleyale; mguu ndio hujifunza kutumia oksijeni vizuri.

Nguvu hupimwa kwa kutembea dakika 6, ambapo ongezeko la mita 30 hivi huhesabiwa kuwa la maana, au kwa kuinuka kitini mara 5 mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kwa zahanati zetu kipimo cha kiti ndicho kinachofaa zaidi, maana hakihitaji ukumbi wala mashine.

Tiba yenyewe huchukua kwa kawaida wiki 6 hadi 12, mara 2 au 3 kwa wiki: kutembea, kuinuka na kuketi, kupanda ngazi, kunyanyua uzito. Chupa ya maji ya lita 1.5 yatosha kuanzia mikono. Kuhema si ishara ya kuacha. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, kuhema kwa 4 hadi 6 ndiko kunakolengwa, huku pumzi ikitolewa polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ndivyo humsimamisha mtu. Mazoezi ya namna hii yamejaribiwa hata kwa madhara mengine ya mapafu: mjini Kampala, hospitali ya Mulago ilijaribu programu ya wiki 6 kwa watu walioachiwa makovu ya mapafu na kifua kikuu, na umbali waliotembea uliongezeka.

Familia humwambia bibi apumzike, kwa upendo wa kweli, na kumbe kila kazi anayopokonywa humwondolea nguvu. Ugonjwa ukipamba moto ghafla na kumlaza hospitalini, paja hudhoofika ndani ya siku chache. Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia humsimamisha kando ya kitanda mapema, hali yake ikiruhusu, na mazoezi kamili huanza ndani ya wiki 4 baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.