Kutibu maji kwa klorini katika delta ya Rufiji

Kutibu maji kwa klorini ni njia ya kuua vijidudu katika maji ya kunywa. Katika delta ya mto Rufiji, Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, njia hii huhitajiwa na kaya zinazotegemea mto, visima vifupi au maji ya mvua. Kemia yake ni ileile ya bwawa la kuogelea la nyumbani: klorini haifanyi kazi ipasavyo mpaka tope na kiwango cha uasidi (pH) viwe sawa. Lakini bwawa likikosewa macho huwasha. Ndoo ya kunywa ikikosewa, watu huharisha, na pengine huugua kipindupindu.

Hali ya maji

Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote Tanzania. Unapokaribia bahari, ndani ya Wilaya ya Kibiti, hugawanyika katika matawi mengi yanayopita kwenye misitu ya mikoko. Maji ya chumvi hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari, na wakati wa kiangazi, hasa siku za bamvua, hufika mbali zaidi bara. Baada ya mafuriko ya mwaka 1978 sehemu kubwa ya maji ya mto ilihamia matawi ya kaskazini, hivyo upande wa kusini ukabaki na chumvi nyingi zaidi.

Masika mto huleta tope. Mafuriko yakizidi, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoingia katika makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, uchafu wa vyoo huweza kuingia visimani.

Udongo wa mikoko nao una salfaidi ya chuma. Ukikauka na kupata hewa hutoa asidi ya salfuriki, na kisima kilichochimbwa humo kinaweza kuwa na maji yenye asidi, yenye chuma, au yanayonuka kama mayai viza.

Klorini inavyofanya kazi

Klorini ikiingia majini hutokea asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo huua vijidudu kwa nguvu, na ioni ya hipokloraiti, iliyo dhaifu zaidi. Kwenye pH 7.5 viwili hivyo hukaribia kulingana. Kwenye pH 6.5 karibu asilimia 90 ni ile asidi yenye nguvu, kwenye 8.5 hubaki karibu asilimia 10 tu. Kwa sababu hiyo inashauriwa pH iwe chini ya 8.

Chuma, harufu ya mayai viza na mabaki ya majani hula klorini kabla haijafikia vijidudu. Kinachotakiwa kupimwa, basi, ni kile kilichosalia baada ya dakika 30: Shirika la Afya Duniani hutaja angalau miligramu 0.5 kwa lita. Kifaa cha kupimia ni kilekile cha wenye mabwawa ya kuogelea, kijichupa ambacho maji yake hugeuka rangi ya waridi.

Utaratibu

Tope huondolewa kwanza. Maji huachwa yatuame, au hutiwa shabu, ambayo hukusanya chembe za udongo zikazama. Shabu ikizidi hushusha pH. Unga wa mbegu za mlonge hufanya kazi hiyo bila kubadili pH sana, ila huacha mabaki yanayooza, kwa hiyo maji hayo hayafai kuwekwa siku nyingi. Kisha maji ya juu humiminwa polepole kwenye ndoo nyingine kupitia kitambaa safi. Kutia dawa katika maji ya tope na kungoja yatuame baadaye ni kuipoteza dawa.

Maji maangavu huhitaji takriban miligramu 2 za klorini kwa lita, na yaliyobaki na ukungu takriban 4. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni kama mililita 1.1 au 2.3 za jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni. Vidonge vya klorini na dawa ya chupa ya kutibia maji hufuata maelezo ya pakiti yake. Maji hukorogwa, hufunikwa na kuachwa dakika 30.

Kisichotibika

Klorini haiondoi chumvi. Kuchemsha nako hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke na chumvi hubaki palepale, ikakolea. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo hata mchanganyiko mdogo huonekana kwa ladha. Kilichobaki ni kuchota mtoni maji yakiwa yamepwa, kuvuna mvua, au kutochimba na kuvuta kisima kupita kiasi, kwani maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi ardhini na kuyavuta sana hupandisha yale ya chini.

Jiki hupungua nguvu kadiri inavyokaa, na joto la pwani huharakisha jambo hilo. Huwekwa kivulini, kifuniko kikiwa kimekazwa, mbali na watoto. Ya zamani hupimwa kwanza kwenye ndoo moja kabla ya kuaminiwa.