"Salut d'amour": Fidla, Uchumba na Biashara ya Noti

Miongoni mwa vipande vifupi vya fidla vilivyotungwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, ni vichache vilivyopendwa na wanagenzi na mafundi wakubwa kwa pamoja kama "Salut d'amour", yaani salamu za mapenzi, ambacho Mwingereza Edward Elgar alikitunga mwaka 1888 kwa ajili ya mchumba wake, Caroline Alice Roberts. Elgar alikuwa Mkatoliki asiye na mali, mtoto wa mwenye duka la muziki mjini Worcester, aliyejikimu kwa kufundisha. Alice, mwanafunzi wake tangu 1886, alimzidi umri kwa karibu miaka 9 na alikuwa binti wa meja jenerali aliyetumikia jeshi nchini India, hivyo jamaa zake waliupinga uchumba huo. Alice alimpa shairi alilolitunga mwenyewe, naye Elgar akamjibu kwa muziki usio na neno hata moja. Wakafunga ndoa tarehe 8 Mei 1889.

Uzuri wa kipande hiki, ambacho wapo wanaokidharau bure kwa udogo wake, umo katika kiasi chake. Piano hutangulia kwa sauti laini zinazopishana na mapigo ya msingi, kisha fidla huingia na wimbo mmoja usio na papara. Sehemu ya kati huhamia ufunguo mwingine, yaani ngazi nyingine ya sauti, kabla ya wimbo wa kwanza kurejea, na yote hayo huchukua kama dakika 3 tu.

Kampuni ya Schott ya Mainz, Ujerumani, ilikichapisha kwa ajili ya piano, fidla, selo na okestra ndogo, lakini mauzo yalichangamka baada tu ya jina lake la awali la Kijerumani kubadilishwa kuwa la Kifaransa. Ufunguo wa asili ulikuwa E meja, ila wapiga fidla walitolewa pia toleo la D meja, lililo jepesi zaidi kwa vidole vya wasio mahiri, na hao ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa noti zilizochapishwa, kwa kuwa kabla ya gramafoni kuenea, familia iliyotaka muziki nyumbani ililazimika kuupiga yenyewe. Elgar, hata hivyo, alikuwa amekwisha kumuuzia mchapishaji haki zote kwa malipo madogo ya mara moja, na hata alipoongoza okestra kukirekodi mwaka 1914, faida ya noti zake ilikuwa ikiendelea kwenda Mainz.