Toleo Si Sasisho

Mwaka 1996 kampuni ya Sega ilitoa gemu ya mbio za magari iitwayo Daytona USA: Championship Circuit Edition, kwa ajili ya mashine yake ya nyumbani, Saturn. Neno la mwisho katika jina hilo tuliiteje kwa Kiswahili? Simu zimetuzoesha kukiita "sasisho" kila kilichofanyiwa marekebisho. Ni neno zuri, limezaliwa na sasa: kusasisha kitu ni kukifanya kiwe cha sasa. Lakini gemu hii haikusasishwa. Ilitolewa upya, na tofauti hiyo ina uzito.

Daytona USA ya asili ilikuwa mashine ya ukumbini, ya kutia sarafu na kushika usukani. Ilisambaa duniani mwaka 1994, na mashine nane ziliweza kuunganishwa ili watu wanane washindane. Picha zake zilibadilika mara 60 kwa sekunde, ndiyo maana gari lilionekana kuteleza bila kukatikakatika. Mwaka 1995 Sega iliihamishia kwenye Saturn, mashine iliyokuwa dhaifu kuliko ile ya ukumbini. Picha zikashuka hadi takriban 20 kwa sekunde, na milima na majengo yakawa yanachomoza ghafla mbele ya dereva kana kwamba yamesahauliwa kisha yakakumbukwa. Wachezaji walinung'unika.

Sega haikutia viraka. Kazi ilipewa timu iliyokuwa imeihamishia Saturn gemu ya Sega Rally, nayo ikaijenga upya. Barabara zikaonekana hadi mbali, zikaongezwa njia mbili mpya za mashindano, na watu wawili wakaweza kucheza kwenye televisheni moja. Muziki ulipangwa upya. Hata namna gari linavyoshika kona ilibadilika, na wapo wapenzi wa gemu ya kwanza ambao hadi leo hawajaupenda mshiko huo. Wao wanaendelea kucheza diski ya 1995.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Sasisho hula kile kilicholitangulia: ukilipokea kwenye simu, programu ya jana haipo tena. Toleo husimama kando ya ndugu yake mkubwa, na mtu huchagua. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, toleo la pili likaja 2004 na la tatu 2013, lakini mtafiti wa lugha bado anaihitaji ile ya 1981 ili aone neno lilivyoelezwa wakati huo. Wachapishaji wetu wana pia neno chapa, kwa kitabu kilichopigwa chapa tena bila maandishi kuguswa. Daytona USA iliyouzwa mwaka 2011 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, yenye njia zilezile tatu za gemu ya ukumbini na picha zilizong'arishwa, mimi ningeiweka karibu na chapa kuliko toleo.

Nayaandika haya nikiifikiria Kacyiru, mtaa wa Kigali wenye wizara nyingi, kwa sababu hapo maana hizi zinakutana. Kinyarwanda kina kitenzi kuvugurura, kinachotumika kwa sheria. Katiba ya Rwanda ya 2003 ilirekebishwa 2015, kisha 2023, na kila mara maandishi mapya yakachukua nafasi ya yale ya zamani; hakuna raia anayechagua aishi chini ya ipi. Huo ni usasishaji kwa maana kamili. Katika mtaa huohuo ipo Maktaba ya Umma ya Kigali, ambako matoleo yanaweza kukaa rafu moja bila kugombana. Na hapo, kwenye jumba la Telecom House, ndipo kituo cha kLab kilipofunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya vijana wanaoandika programu, ambao nao hulazimika kuchagua kati ya maneno haya.

Kwa gemu ya 1996, basi, napendekeza "toleo lililohuishwa". Kuhuisha ni kutia uhai, na kinachotiwa uhai hubaki kile kile kwa asili yake. "Toleo lililoboreshwa" linaahidi ubora ambao wachezaji wenyewe wanabishania. Tahadhari moja zaidi kwa mfasiri: aina ya magari yaliyomo, kwa Kiingereza "stock car", isiitwe "magari ya hisa". Asili ya jina hilo la Kiingereza ni gari linaloshindana kama lilivyotoka dukani, ingawa magari ya leo ya NASCAR, mashindano ya Marekani ya magari hayo, yamebakiwa na umbo tu la gari la dukani. "Magari ya umbo la dukani" inatosha.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, hivyo anayeandika menyu ya programu Kacyiru ana haki ya kuamua maneno haya pamoja na wenzake wa Dar es Salaam na Nairobi. Kitufe cha "Sasisha" akiweke pale tu ambapo cha zamani kitafutika. Mtumiaji anapobaki na vyote viwili, aandike "Pata toleo jipya", na mwaka wa toleo hilo uonekane.