Bunduki ya Kushindilia na Matunzo Yake

Mwenye bunduki siku hizi hutia risasi kwa nyuma, akafunga, akawa tayari. Zamani haikuwa hivyo. Korofindo ilitiwa baruti kwa mdomoni, kisha risasi, vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Bunduki za namna hiyo ndizo walizochukua Wanyamwezi na watu wa pwani walipofuata pembe za ndovu huko bara katika karne ya 19.

Baruti ile nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiungua huacha masizi yenye chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu wa hewa, hata kasiba isiyooshwa ikashikwa na kutu upesi. Kwa hiyo wajuzi waliosha bunduki kwa maji ya moto, kwa maana chuma chenye moto hukauka mara, kisha wakaipaka mafuta. Lakini mafuta yale yale huwa adui siku ya mawindo: hulowesha baruti na kuziba kifa, fataki ikalia bure. Ndipo kabla ya kutoka kambini walipangusa kasiba, wakapiga fataki moja au mbili bila baruti ili kuunguza mafuta yaliyobaki, halafu wakashindilia.

Twaona hatari ya fataki kulia bure katika habari za F. C. Selous, Mwingereza aliyefika Afrika ya Kusini mwaka 1871, kijana wa miaka 19. Mwaka uliofuata Lobengula, mfalme wa Wamatabele, alimpa ruhusa ya kuwinda ndovu. Bunduki zake zilikuwa za risasi nzito, robo ratli moja. Siku moja fataki ililia, baruti isishike. Mchukuzi wake akaishindilia tena juu ya ile ya kwanza. Selous alipofyatua, bunduki ilimtupa chini, shavu likatoka damu. Ameyaandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1881.

Nasi twastaajabu, kwa kuwa dawa yake ni kazi ya dakika moja. Mdeki hutiwa katika kasiba tupu, ukatiwa alama palipo mdomo wa bunduki. Baadaye ukiurudisha ndani, na alama ikasimama juu ya mdomo, basi mna kitu ndani. Ikisimama juu kupita kawaida, mna viwili.

Selous hakufa kwa bunduki yake. Aliuawa vitani, mwenye miaka 65, tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na Rufiji, na kaburi lake liko huko hata leo.