Akiba ya Wakulima na Mahari Yako



Harusi ikikaribia, wengi wetu huvuka kwenda Dar kununua vyombo na mapazia. Ukishuka boti unaiacha Feri, unapita Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo. Njiani, Mtaa wa Lumumba, lipo jengo la Ushirika. Historia ya ushirika inamgusa hata bi harusi.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakawa na chama chao kikuu, KNCU. Mkulima alipeleka kahawa yake akalipwa sehemu kwanza. Kahawa ikishauzwa, chama kilitoa gharama zake, kikaweka akiba, kisha kikamwongezea mkulima. Faida haikuwa ya tajiri mmoja, na akiba ilikuwa kinga ya mwaka ambao bei imeanguka.

Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote. Vilikuwa vikilalamikiwa kwa ubadhirifu, na vijiji vya ujamaa ndivyo vilivyotakiwa kushika kazi ya ushirika. Ununuzi wa mazao ukapewa mamlaka za serikali, na mali nyingi zilizojengwa kwa jasho la wakulima zikatoka mikononi mwao bila wao kuulizwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini vingi vilianza upya vikiwa na madeni.

Dini yetu ilitufunza haya zamani. Katika Surat Yusuf, nafaka ya miaka ya neema iliwekwa kwa ajili ya miaka ya njaa. Surat An-Nisaa imeamrisha mwanamke apewe mahari yake, na mume hali humo ila kwa ridhaa yake. Surat Al-Baqara imeamrisha deni liandikwe.

Basi, bi harusi, mahari yako usiiache ikayeyuka kwenye ukumbi na mapambo. Weka sehemu kwa jina lako, iwe dhahabu au akaunti ya benki isiyo na riba. Mumeo akihitaji mtaji, ukipenda mpe zawadi, ukipenda mkopeshe, lakini mkopo uandikwe na mashahidi wawepo. Huko si kumshuku mumeo. Wakulima wale nao waliviamini vyama vyao, na siku ya kuvunjwa hawakuwa na kauli.

Allah azibariki ndoa zenu na riziki zenu. Amin.